Tabuleti ya Nyumbani na Safarini: Tupime Haja Kabla ya Bei

 

Swali moja limetufikia mara nyingi siku hizi, barazani baada ya sala na darasani baada ya kina mama kufunga vitabu vyao: "Sheikh, tununue tabuleti ipi?" Muulizaji huwa na majina mawili matatu aliyoyasikia dukani, na hutaraji tumtajie mojawapo. Sisi si wauza duka wala si mafundi wa umeme. Hata hivyo tumevitumia vyombo hivi nyumbani, madrasani na safarini, na tumeona yaliyowafaa watu na yaliyowatia hasara. Tunalolisema kwa yakini ni kwamba jina la kampuni ni la mwisho kuamuliwa. Yako maswali matatu yanayolitangulia: kazi yake ni ipi, mwenyewe ni nani, na itaishi miaka mingapi.

Chombo chenyewe si kigeni tena kwetu. Kampuni ya Apple iliitangaza iPad ya kwanza mwezi wa Januari 2010. Mwaka 2016 serikali yetu ilianza kugawa tabuleti katika madarasa ya chini ya shule za msingi za umma, na sensa ya mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza nchini ambayo makarani waliandika majibu ndani ya vyombo vya namna hii badala ya makaratasi. Watoto wetu wamezizoea, na tulio watu wazima tumebaki na kazi ya kuamua.

Kazi yake ni ipi?

Wanazuoni wa usuli, miongoni mwao Imamu al-Ghazali na baada yake Imamu al-Shatibi, waliyapanga maslahi ya wanadamu katika daraja tatu: yaliyo dharura, yaliyo haja, na yaliyo mapambo. Mizani hii hutumika katika mambo makubwa ya sheria, nasi hatuoni ubaya kuileta mezani tunapohesabu fedha za nyumba.

Unga, kodi, ada na dawa ni dharura, na ni nadra tabuleti kufika daraja hiyo. Hufika daraja ya haja pale mtoto anapopewa kazi za shule zinazohitaji kusomwa mtandaoni, pale mama anayepika mahamri na biriani za oda anapotaka mahali pamoja pa kuandika wateja na madeni, au pale bibi wa nyumba anapokuwa hawezi tena kusoma herufi za simu kwa udhaifu wa macho. Ama kuibadilisha tabuleti nzima inayofanya kazi kwa sababu ya jirani kununua yenye kamera mpya, hilo ni pambo. Pambo si haramu, ila halitangulii mbele ya ada ya muhula. Wazee wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kabla ya kwenda dukani, mume na mke wakae na karatasi, waandike kazi zote wanazozikusudia, na mbele ya kila kazi wajiulize: je, simu tuliyo nayo yaweza kuifanya? Kazi zitakazobaki bila kufutwa ndizo kazi za tabuleti. Ikiwa hakuna iliyobaki, basi fedha zenu zimeokoka. Na ikiwa iliyobaki ni kuandika kurasa nyingi, kama mwanafunzi wa chuo mwenye tasnifu, basi anachokihitaji ni kompyuta yenye kibodi, hata iliyotumika. Tabuleti ni chombo kizuri cha kusoma, kutazama, kusikiliza na kuandika machache. Ukiitwika kazi ya kompyuta utaishia kununua kibodi na vifaa vingine mpaka bei ifikie ya kompyuta yenyewe.

Mwenyewe ni nani?

Hapa ndipo penye ugomvi ambao muuza duka hauoni. Tabuleti ikifika nyumbani, kila mmoja huiona ni yake. Mtoto hufuta picha za oda za mamake, baba hufungua ujumbe usiomhusu, na shangazi aliyekuja kutembea huiazima kwa siku moja ikakaa wiki.

Jambo la kwanza ni milki. Mali ya mke ni mali yake katika sheria yetu. Akiinunua kwa fedha za biashara yake, tabuleti ni yake, na wengine wataitumia kwa idhini yake. Ikinunuliwa kwa fedha za mume kwa ajili ya watoto, na lisemwe hivyo tangu mwanzo. Neno moja lililosemwa wazi siku ya kununua huzuia maneno mengi baadaye.

Jambo la pili ni la chombo chenyewe, nalo huwapita wanunuzi wengi. Tabuleti nyingi zinazotumia mfumo wa Android, zikiwemo za Samsung, huruhusu watumiaji kadhaa ndani ya chombo kimoja. Kila mtu huwa na mlango wake, neno lake la siri, programu zake na picha zake, kama nyumba yenye sebule na vyumba vya ndani. iPad ya nyumbani haina mpango huo: imetengenezwa iwe ya mtu mmoja, na anayeijua namba ya kuifungua huyaona yote. Kwa mama mwenye hesabu za biashara na watoto watatu wanaogombea kioo kimoja, tofauti hii ina uzito kuliko ubora wa kamera.

Jambo la tatu ni malezi. Mifumo yote miwili ina namna ya kuwawekea watoto mipaka ya muda na ya mambo wanayoyafungua: Android ina Family Link ya Google, na iPad ina sehemu iitwayo Screen Time. Ziwekwe siku ya kwanza, kabla mtoto hajazoea uhuru. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mpaka huo wasaidia, lakini hautoshi peke yake. Twashauri tabuleti ilale sebuleni, ichajiwe sebuleni, wala isiingie chumbani kwa mtoto usiku.

Ndani ya nyumba

Ukubwa wa kioo hupimwa kwa inchi, kutoka pembe hadi pembe. Yenye inchi 8 au karibu na 9 hushikwa kwa mkono mmoja na huingia katika mkoba wa kike. Yenye inchi 10 au 11 yafaa kuegeshwa mezani, watoto wawili wakasoma pamoja, au mzee akakuza herufi za msahafu bila kusogeza kurasa kila mara. Samsung Galaxy Tab A9 ina kioo cha inchi 8.7, na nduguye A9+ ina inchi 11. iPad mini ina inchi 8.3.

Hifadhi ni jambo la pili. Ikiandikwa gigabaiti 64, mfumo wenyewe hula sehemu yake, kisha video za darasa na visomo huila iliyobaki. Tabuleti nyingi za Android zina tundu la kadi ya kumbukumbu, hivyo unaweza kuongeza nafasi kwa fedha kidogo. iPad haina tundu hilo. Anayeinunua aamue hifadhi siku hiyo hiyo, kwa maana haitaongezeka.

La tatu ni duka la programu. Tabuleti za Amazon ziitwazo Fire huletwa na jamaa walioko ng'ambo kwa kuwa ni za bei ndogo. Zinatumia mfumo uliotokana na Android, lakini haziji na duka la Google, hivyo programu nyingi tulizozizoea hazipatikani kwa njia ya kawaida. Tabuleti za Huawei zilizotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya mwaka 2019 nazo haziji na huduma za Google. Huenda zikakufaa, lakini ijue hali hiyo kabla ya kulipa. Ama tabuleti zisizo na jina linalojulikana, ambazo maboksi yake yanadai hifadhi kubwa mno kwa bei ndogo mno, jihadharini nazo. Mara nyingi dai hilo ni la karatasi tu.

Katika safari

Safari za watu wetu ni za namna nyingi: Lamu kwa basi, Nairobi kwa treni, Muscat au Dubai kwa jamaa, na kwa aliyejaaliwa, Umra na Hija. Kila safari ina sharti lake.

Kwanza, laini. Tabuleti huuzwa kwa namna mbili: yenye waifai peke yake, na yenye nafasi ya laini ya simu, ambayo ni ghali zaidi. Ikiwa simu yako yaweza kugawa intaneti, yenye waifai pekee inatosha, ila betri ya simu itakwisha upesi. Fahamu pia kwamba iPad, hata yenye laini, haipigi simu za kawaida kama simu ya mkononi, na baadhi ya iPad za miaka ya karibuni hazina tundu la laini kabisa, zikitegemea laini ya kielektroniki iitwayo eSIM. Ulizia kwa kampuni yako ya simu kabla ya kununua.

Pili, ramani na kibla. iPad ya waifai pekee haina kipokezi cha setilaiti cha GPS, kwa hiyo ukiwa njiani pasipo mtandao haitakuonyesha ulipo. Tena tabuleti nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha dira, na bila kihisi hicho mshale wa programu ya kibla hauaminiki. Sisi wa Mombasa tumebahatika, kwa sababu mji wetu na Makka viko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, nasi huelekea kaskazini takriban sawasawa. Aliyeko Lamu hupinda kidogo mno magharibi, na aliyeko Nairobi hupinda kidogo mashariki. Akifika London, kibla chake ni kusini mashariki, na hapo mwenye chombo kisicho na dira aulize wenyeji wa msikitini badala ya kukitegemea kioo.

Tatu, yapakueni mnayoyahitaji kabla ya kuondoka: ramani ya mji, visomo, vitabu vya watoto, tiketi na nakala za pasipoti. Safari ya treni ya Mombasa hadi Nairobi huchukua saa tano au sita, na mtoto anayesubiri video ifunguke nyikani huwachosha abiria wote.

Nne, umeme na joto. Saudia, Oman na Imarati hutumia plagi ya miguu mitatu kama yetu, hivyo chaja ya nyumbani itaingia, ingawa hoteli nyingine zina matundu mchanganyiko. Anayekwenda Uturuki atahitaji kigeuzi. Pawa benki haziruhusiwi katika mizigo inayowekwa chini ya ndege. Hubebwa mkononi, na kipimo kinachokubaliwa bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, hivyo imo ndani ya mpaka, ingawa baadhi ya mashirika huongeza masharti yao. Kuhusu joto, Apple wenyewe wanasema iPad itumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Katika Hija ya Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50. Chombo kilichoachwa juani, au ndani ya gari lililofungwa hapa hapa Mombasa mwezi wa Februari, hujizima, na betri yake huharibika kidogo kidogo.

Na sisi wa pwani tuna adui wa ziada, nao ni unyevu wa chumvi unaoingia katika tundu la chaji. Galaxy Tab za daraja la S kuanzia S9 zimetengenezwa kuhimili maji na vumbi. iPad, kama zilivyo tabuleti nyingi, haina dhamana hiyo. Kava nzuri na kitambaa kikavu havigharimu sana.

Itaishi miaka mingapi?

Tabuleti hufa kwa njia mbili. Ya kwanza huonekana: kioo hupasuka au betri huchoka. Ya pili haionekani: kampuni huacha kuiletea sasisho za mfumo, kisha programu moja baada ya nyingine hukataa kufunguka, na usalama wa siri zako hupungua. Kuhusu njia hii ya pili kampuni hazilingani. iPad ya kizazi cha saba iliyotoka mwaka 2019 iliweza kupokea mfumo wa iPadOS 18 mwaka 2024. Samsung iliahidi miaka mitano ya sasisho za usalama kwa Galaxy Tab S9 ya mwaka 2023, na miaka saba kwa S10 ya mwaka 2024. Tabuleti za bei ya chini huahidiwa miaka michache zaidi, na zisizo na jina huenda zisipate sasisho hata moja.

Kwa hiyo bei igawanywe kwa miaka. Tuchukue mfano: tabuleti ya shilingi 18,000 itakayokufaa miaka miwili imekugharimu shilingi 9,000 kwa mwaka, na ya shilingi 45,000 itakayokufaa miaka sita imekugharimu 7,500. Hesabu hii haimaanishi kila mtu anunue ya 45,000. Ikiwa atakayeishika ni mtoto wa miaka sita, kioo huenda kisifike mwaka wa pili kwa vyovyote, na hapo ya bei ndogo ndiyo yenye busara. Muulize fundi wa mtaani kwako pia: kioo cha tabuleti hii chapatikana, na kwa kiasi gani?

Namna ya kulipa

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wasimame kidogo. Tabuleti nyingi sasa hutolewa kwa mpango wa lipa pole pole. Tuseme bei ya taslimu ni shilingi 25,000, na mpango unataka 5,000 za mwanzo kisha 100 kila siku kwa siku 365. Jumla ni 41,500. Mia moja kwa siku huonekana kama bei ya kitafunio, lakini nyongeza ya 16,500 ni mboga ya nyumba kwa wiki nyingi. Na vyombo vya mpango huu mara nyingi hufungwa kwa mbali malipo yakichelewa, pamoja na kazi za mtoto zilizomo ndani.

Kwa upande wa sheria, wanazuoni wengi wameruhusu kuuza kwa malipo ya baadaye kwa bei iliyo juu ya taslimu, maadamu bei ni moja, inajulikana, na imekubaliwa kabla ya kuachana. Lililo haramu ni deni kuongezeka kwa sababu ya kuchelewa. Basi usomeni mkataba, na mtafute kifungu cha kuchelewa. Mkikuta nyongeza ya faini inayopanda, ondokeni. Bora kina mama wawekeane kwa chama miezi mitano, kila mmoja achukue kwa zamu, kuliko nyumba kufungwa na deni la chombo cha kutazamia.

Anayenunua iliyotumika ahakikishe mambo mawili. Mosi, muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako na chombo kianzishwe upya hadi mwisho. iPad na Android zote mbili hujifunga kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza, na ukiondoka bila hilo umenunua kibao cha kukatia mboga. Pili, pawe na risiti au shahidi. Bei isiyoelezeka huwa na maelezo yake, na kununua mali ya wizi hali ukijua ni kushiriki katika dhulma.

Tena tunayo haki ambayo wengi wameisahau. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, muuzaji na mnunuzi waweza kushurutishana hiari ya kurudisha kwa muda usiozidi siku tatu. Liombeni sharti hilo na liandikwe katika risiti. Katika siku hizo jazeni chaji, chezesheni video kwa saa nzima mwone betri inashuka vipi, guseni kila pembe ya kioo, jaribuni kamera, sauti, waifai na dira. Muuzaji anayejiamini hatalikataa sharti hilo.

Rai yetu

Kwa nyumba yenye watoto na fedha za wastani, tunaona tabuleti ya Android ya kampuni inayojulikana, yenye inchi 10 au 11, tundu la kadi ya kumbukumbu na milango ya watumiaji kadhaa, inatosha. Galaxy Tab A9+ na zilizo mfano wake ni za daraja hilo. Kwa mtu mmoja mzima atakayeitunza miaka mingi kwa kazi yake mwenyewe, iPad ya kawaida ina haki ya kufikiriwa licha ya bei yake. Kwa msafiri wa mara kwa mara, yenye inchi 8 na nafasi ya laini ndiyo itakayobebwa kweli, kwa maana kubwa huachwa hotelini.

Na kwa anayetaka moja ifanye kazi zote mbili, ahesabu siku zake. Familia nyingi husafiri wiki mbili tatu kwa mwaka na hukaa nyumbani zilizobaki. Basi nyumba ipewe haki yake kwanza katika ukubwa wa kioo, na safari isaidiwe na simu inayogawa intaneti.

Mkishaandika karatasi yenu, mkashauriana, na mkapata iliyo ndani ya uwezo, nunueni na mfunge mlango wa kulinganisha. Mchagua jembe si mkulima, na kila mwezi dukani kutakuwa na iliyo mpya kuliko ya kwenu. Mwenyezi Mungu atubarikie katika tunachokichuma na tunachokitumia, na atujaalie tuulizwe juu ya mali zetu tukiwa na jibu. Wabillahi tawfiq.